Njia Mpya ya Waya

Los Angeles gari hushushwa ili lipendeze. Bariadi gari hushushwa na abiria. Vijana wa California wenye asili ya Meksiko walianza mambo hayo zamani, wakikata springi na kupakia mifuko ya mchanga kwenye buti, mpaka serikali ya jimbo ikachoka. Kuanzia 1958 ikawa kosa bodi ya gari kuning'inia chini ya ukingo wa rimu. Mwaka uliofuata Ron Aguirre akafunga pampu za haidroliki kwenye Corvette yake: anabonyeza swichi, gari linapanda, polisi hana la kuandika. Sisi huku hatuna swichi. Gari linapanda abiria wakishuka.

Nazungumzia michomoko, magari madogo ya kubebea abiria, hasa Probox, gari ambalo Toyota ilianza kulitoa 2002 kwa ajili ya kampuni za Japani kupeleka bidhaa na wafanyakazi wao. Likifika huku kwetu Simiyu linakuwa limeshafanya kazi ya maisha ya kwanza, na linaanzishiwa ya pili iliyo ngumu zaidi. Kutoka Lamadi hadi Bariadi ni lami, kilomita zisizozidi 72, na lami inaendelea mpaka Maswa na Mwigumbi. Juu ya lami gari lililolala halilalamiki sana. Shida inaanza pale linapoiacha barabara kuu kumfuata mtu anakoishi, kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambao mvua ikinyesha ni tope la kunata na jua likiwaka ni makorongo magumu ya magurudumu ya waliotangulia. Hapo springi zilizochoka, tairi kubwa alilofunga dereva ili gari liwe juu kidogo, na watu wawili kwenye siti moja ya mbele, vyote vinakutana ndani ya fenda ya kushoto.

Ndani ya fenda hiyo, nyuma ya plastiki nyeusi ambayo wengi wetu hatujawahi kuitazama mara mbili, kuna nyaya. Upo wa taa, wa indiketa, wa mota ndogo ya maji ya waipa, na kwenye magari mengine wa honi. Kiwandani walizifunga pamoja, wakazivisha mrija wenye mikunjo na kuzibana mahali ambapo, kwa hesabu yao, tairi halifiki. Hesabu yao ilikuwa sahihi kwa gari lao. Halikuwa hili.

Tairi likifika, halikati waya siku moja. Linaanza na plastiki, linaisugua mpaka inatoboka. Kisha linakula mrija, kisha ngozi ya waya mmoja, kwa kawaida ule wa chini. Shaba inabaki uchi na gari linaendelea kutembea wiki nzima bila dalili yoyote, kwa sababu shaba iliyo uchi haina ubaya mpaka iguse kitu. Siku inapogusa bati, basi: bati lote la gari limeunganishwa na upande hasi wa betri, umeme unapata njia ya mkato, fyuzi inaungua.

Na hapa ndipo ninapoanza kumsifu fundi umeme wa magari. Wapo waliosomea VETA na wapo waliosomea chini ya mwarobaini wakimshikia mtu tochi, lakini aliye bora utamjua kwa maswali yake kabla hajashika spana.

“Fundi, hii fyuzi ya taa inanimaliza. Naweka, inaungua.”

“Inaungua ukiwasha?”

“Hapana, kaka. Nikiwasha ziko poa. Ni njiani.”

“Ukiwa mtupu?”

“Nikiwa mtupu hainisumbui. Nikijaza, nikikata kona ya kulia.”

“Mbele wamekaa wangapi?”

Dereva anacheka, anatazama pembeni kama kuna trafiki. Fundi ameshapata jibu. Ukikata kulia uzito unaegemea kushoto, springi ya kushoto inajikunja, tairi linapanda ndani ya fenda huku limegeuka, na ukingo wake unafika mahali ambapo gari likiwa limesimama gereji haufiki kabisa. Asiyeuliza angefungua boneti, apime nyaya zote, azikute zote nzima, kisha alaumu swichi. Nimeona swichi nzima nyingi zikibadilishwa kwa namna hiyo.

Suluhisho la haraka linajulikana kila stendi: karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, inazungushiwa fyuzi, taa zinawaka. Sina lugha ya upole kwa jambo hili. Fyuzi nyekundu ya ampea 10 imewekwa iungue ili waya usiungue. Ukiiziba kwa karatasi, kinachofuata kuungua ni waya wenyewe, na waya hauungui peke yake maana umefungwa pamoja na jirani zake. Suluhisho la pili, ambalo hata mafundi hulifanya, ni kuviringisha tepu nyingi pale palipochubuka na kurudisha kila kitu kilipokuwa. Tairi halijui tepu. Tena sasa fungu la nyaya limenenepa, kwa hiyo linafikiwa mapema zaidi.

Fundi mwenyewe anahamisha njia. Anapiga jeki, anatoa gurudumu, anachomoa vifungo vya ile plastiki kimoja kimoja bila kuvivunja, kwa kuwa kifungo kilichovunjika leo ni plastiki itakayoning'inia kesho na kuwa mlo wa kwanza wa tairi. Anafungua mrija, anazitenganisha nyaya, anatafuta kidonda. Kisha anakaa kimya na kutazama. Ukimpita wakati huo utadhani amechoka. Anaangalia pa kupitisha: juu kabisa, kwenye kona ambayo fenda inakutana na bodi, au ndani ya boneti kupitia tundu lenye mpira. Asitoboe bati na kupitisha waya kwenye ukingo mkavu, maana ukingo wa bati hukata polepole kuliko tairi lakini haukosi. Asiusogeze karibu na injini inapotoa joto. Mazungumzo haya yamo kichwani mwake tu. Njia nzuri ya waya ni ya ng'ombe: haijanyooka, lakini imeikwepa miiba.

Njia mpya karibu kila mara ni ndefu kuliko ya zamani, na urefu una gharama yake. Taa moja ya wati 55 kwenye volti 12 inavuta karibu ampea 4.6. Ukiurefusha waya wake kwa kipande chembamba kilichookotwa kwenye redio mbovu, sehemu ya umeme inaishia njiani ikiwa joto, na taa inafifia na kuwa ya njano. Kwa hiyo kipande cha kuongezea kiwe na unene uleule, na ikiwezekana rangi ileile. Kwenye Toyota waya mweupe wenye mstari mweusi ni wa ethi. Ukiuunganisha na mwekundu kwa sababu ndio uliokuwepo, umemwachia fumbo fundi atakayelifungua gari hilo Maswa, usiku, bila wewe kuwepo. Viungo anavipishana, hiki hapa na kile mbele kidogo, ili fungu lisivimbe na ili viwili vikifunguka visigusane. Anaviunga kwa risasi, anavifunika vizuri, na kabla waya haujaingia kwenye soketi yake anauacha ulegee na kushuka kidogo chini kisha upande, ili maji ya mvua yadondokee pale chini yasitiririke mpaka ndani ya soketi.

Waya mmoja haukubali kuhamishwa, nao ni wa sensa ya ABS, kwa sababu mwisho wake uko kwenye gurudumu lenyewe. Huo unaongezewa ulegevu wa kutosha tu, gurudumu ligeuke mpaka mwisho pande zote bila kuuvuta. (Kwenye michomoko mingi taa ya ABS imekuwa ikiwaka muda mrefu kiasi kwamba dereva anaiona ni sehemu ya urembo wa dashibodi. Fundi wa kweli anaushughulikia hata hivyo.)

Kinachonivutia zaidi ni jaribio. Gari limerudishiwa gurudumu, limeshushwa, na mwingine angeshadai hela yake. Huyu anachukua chaki, na Simiyu chaki si bidhaa ya kutoka mbali, Maswa wanazitengeneza. Anapaka sehemu ya chini ya fungu la nyaya na upande wa plastiki unaotazama tairi. Kisha anaita watu: wawili mbele, wengine nyuma, hata waliokuja kunywa chai jirani. Dereva anazungusha usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, anatembeza gari juu ya tuta akiwa na mzigo huo. Wakishuka, fundi analala chini na tochi. Chaki ya kwenye plastiki imefutika, alilitarajia hilo. Ya kwenye nyaya ipo. Kazi yote aliifanyia gari lililosimama, lakini macho yake tangu asubuhi yalikuwa yanaliona likiwa limejaa na linakata kona.

Malipo huwa na ubishi. Dereva anainama, anaona fenda ilivyokuwa jana, anauliza hela hiyo ni ya kubadilisha nini. Fundi anamwonyesha kipande cha waya alichokikata, shaba ikiwa imesagika. Wanakubaliana katikati. Halafu anamwambia ambalo dereva hataki kusikia: waya haukuwa na kosa, springi ndizo zimekufa, na tairi litaendelea kusugua plastiki mpaka ukingo wake uishe. Dereva anaitikia kwa kichwa. Springi mpya ni bei, za mtumba zimechoshwa na wengine. Anasema ataziangalia pamba ikianza kununuliwa, na anauliza kama mbele bado wanaweza kukaa wawili.