Jinsi ya Kuutambua Ubashiri Bora wa Drafti ya Besiboli

Ikifika Juni, wapenzi wa besiboli nchini Marekani huanza kuulizana swali moja: mwaka huu klabu yetu itamchukua nani raundi ya kwanza? Drafti yenyewe, yaani shughuli ya klabu kuchagua wachezaji vijana kwa zamu, ni Julai. Kabla ya siku hiyo waandishi humwaga orodha za ubashiri, na wengine hubadilisha orodha zao kila wiki. Nyingi ni majina yaliyopangwa tu. Chache ni kazi ya ufundi mkubwa, na msomaji anayejua kuzipambanua hufaidi kipindi hiki kuliko anayemeza kila jina analotajiwa.

Ubashiri bora ni hoja kuhusu klabu, fedha na kipaji, na jina la mchezaji huja mwisho kama hitimisho la hoja hiyo. Kwa hiyo unaweza kuupima hata kabla ya matokeo kutoka. Mifano mingi hapa nimeichota kwa Pittsburgh Pirates, klabu iliyochagua mapema mara nyingi na kwa sababu tofauti tofauti.

Anza na sheria

Mbashiri asiyezijua sheria hujulikana mapema. Drafti ilianza mwaka 1965, na wa kwanza kuitwa alikuwa Rick Monday wa Arizona State, aliyechukuliwa na Kansas City Athletics. Siku hizi ina raundi 20. Wanaohusika ni wakazi wa Marekani, Canada na Puerto Rico: vijana waliomaliza sekondari, na wanachuo ambao kwa kawaida wamemaliza mwaka wa 3 au wametimiza miaka 21. Wa nchi nyingine wana mlango wao. David Matoma wa Uganda, kwa mfano, aliingia Pirates kwa usajili wa kimataifa bila kupitia drafti.

Tangu drafti ya 2023, nafasi 6 za kwanza hupangwa kwa bahati nasibu miongoni mwa timu zilizokosa hatua ya mtoano. Pia, ukiacha nafasi chache za nyongeza wanazopewa wenye kipato kidogo au soko dogo, nafasi za drafti haziuzwi wala hazibadilishwi. Mwandishi akikuambia klabu ya 5 inafanya mazungumzo ili ipande hadi ya 2, huna haja ya kuendelea kusoma.

Fuata fedha

Hapa ndipo fundi anapojitenga na mwanafunzi. Kila nafasi katika raundi 10 za mwanzo imewekewa thamani na ligi, na jumla ya thamani hizo ndiyo bajeti ya klabu. Mchezaji mmoja anaweza kulipwa chini ya thamani ya nafasi yake na mwingine juu yake, mradi jumla isivuke. Klabu ikivuka inatozwa kodi; ikivuka kwa zaidi ya asilimia 5, inapoteza chaguo la raundi ya kwanza la mwaka unaofuata. Ni hesabu ya mtu aliyekwenda sokoni na noti moja: akipunguza kwenye samaki, ataongeza kwenye mchele.

Tazama drafti ya 2021. Pirates walikuwa wa kwanza, na nafasi yao ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 8.4. Orodha nyingi za vipaji zilimweka juu Marcelo Mayer, kijana wa sekondari kutoka California. Pirates wakamwita Henry Davis, mdakaji wa chuo cha Louisville, na kumsajili kwa dola milioni 6.5. Karibu milioni 2 zikabaki mfukoni. Zilikwenda wapi? Chaguo la 37, Anthony Solometo, alipata milioni 2.8. Chaguo la 72, Bubba Chandler, aliyekuwa amekubali kwenda Clemson kucheza besiboli na soka la Marekani, alipata milioni 3, kiasi ambacho hakuna klabu ingemlipa mtu wa raundi ya tatu bila kubana matumizi mahali pengine. Mbashiri aliyeandika tu kwamba Pirates watamchukua Davis alipata jina. Aliyeandika kwamba Pirates watatafuta mtu atakayekubali kulipwa pungufu ili wapate vijana wa sekondari baadaye, huyo aliiona drafti nzima, hata kama jina lake la kwanza lilikuwa la mtu mwingine.

Ukomo huo wa fedha nao una historia inayowahusu Pirates. Mwaka 2011, kabla haujawekwa, walimlipa Gerrit Cole dola milioni 8 akiwa chaguo la kwanza, kisha wakampa Josh Bell milioni 5 katika raundi ya pili, ingawa Bell alikuwa ameandika barua kwamba anakwenda Chuo Kikuu cha Texas. Mkataba mpya kati ya ligi na wachezaji ukaleta bajeti kuanzia 2012. Mwaka huohuo Mark Appel, mrushaji wa Stanford aliyetajwa sana kuwa wa kwanza, aliporomoka hadi nafasi ya 8. Pirates wakamchukua, akakataa fedha zao na kurudi chuoni. Mwaka uliofuata Houston Astros walimwita wa kwanza, na Pirates wakapewa fidia ya nafasi ya 9, wakamchukua Austin Meadows.

Kwa hiyo katika kila ubashiri tafuta maswali haya: mchezaji huyu anaweza kusema hapana? Wa sekondari ana chuo kinachomsubiri. Wa mwaka wa 3 chuoni ana mwaka mmoja wa kutishia nao. Wa mwaka wa mwisho hana pa kwenda, kwa hiyo huwa wa bei nafuu. Orodha isiyogusa jambo hili ni nusu ya kazi.

Pima macho ya mwandishi

Maskauti wa besiboli hutumia kipimo cha 20 hadi 80. Hamsini ni wastani wa mchezaji wa ligi kuu, na 80 ni kipaji cha nadra. Kwa mpigaji hupimwa mambo matano: kuupata mpira, kuupiga kwa nguvu, kukimbia, kurusha na kulinda uwanjani. Mwandishi mzuri hasemi kijana ana mbio. Anakuambia kwamba anapiga kwa mkono wa kulia na alifika besi ya kwanza, umbali wa mita 27.4, kwa sekunde 4.1, wakati wastani kwa wapigaji wa kulia ni kama 4.3. Anakuambia pia kama mbio hizo zilionekana alipopiga mpira dhaifu wa kawaida, au siku ile tu alipojua saa zimeshikwa jukwaani.

Kwa mrushaji, dai zaidi ya kasi. Kabla ya drafti ya 2023, kila mtu aliandika kwamba Paul Skenes wa chuo kikuu cha LSU alirusha maili 100 kwa saa. Aliyestahili kusomwa alieleza kwamba Skenes alikuwa mdakaji na mrushaji katika chuo cha Jeshi la Anga kabla ya kuhamia LSU. Kwamba kasi hiyo aliidumisha hadi mwisho wa mchezo. Kwamba mpira wake wa pili, ule unaokata pembeni, uliwashinda wapigaji hata walipoutarajia. Msimu huo aliwatoa wapigaji 209 kwa straiki tatu, rekodi ya kanda ya vyuo ambamo LSU hucheza. Pirates wakamchukua wa kwanza kwa dola milioni 9.2, mbele ya mwenzake wa LSU, Dylan Crews. Mwaka 2024 akawa mchezaji bora chipukizi wa Ligi ya Taifa, na 2025 akatwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora.

Historia nayo iwe mizani yako. Tangu 1965, hakuna mrushaji wa mkono wa kulia kutoka sekondari aliyewahi kuwa chaguo la kwanza kabisa. Wa mkono wa kushoto wapo: David Clyde mwaka 1973, Brien Taylor mwaka 1991 na Brady Aiken mwaka 2014. Taylor na Aiken hawakufika ligi kuu. Mikono michanga huumia, na klabu zinajua. Anayebashiri kinyume cha historia hiyo ana haki ya kufanya hivyo, lakini alete sababu nzito.

Jihadhari na hoja ya pengo

Kasoro iliyoenea kuliko zote ni hii: timu haina mdakaji mzuri, kwa hiyo itachukua mdakaji. Katika soka hoja hiyo ina mantiki, maana anayesajiliwa leo anaweza kucheza Jumamosi. Katika besiboli anayechaguliwa huanzia ligi ndogo, na wa sekondari huweza kukaa huko miaka minne, mitano. Mpaka apande, pengo la leo litakuwa limezibwa au limehama. Klabu makini huchukua kipaji kikubwa kilichopo kwa bei inayolipika. Ukikuta ubashiri uliojengwa juu ya pengo, jua mwandishi ameazima mawazo ya mchezo mwingine.

Jua nani ameshika kalamu

Klabu ni watu, na watu wana tabia. Mwaka 2007 Pirates walikuwa na nafasi ya 4, na Matt Wieters, mdakaji wa Georgia Tech aliyewakilishwa na Scott Boras, wakala ambaye wateja wake huwa wa bei kubwa, alikuwa bado yupo. Wakamwacha, wakamchukua mrushaji Daniel Moskos. Baltimore Orioles wakamchukua Wieters nafasi iliyofuata na kumlipa dola milioni 6. Mashabiki wa Pittsburgh waliwaka. Kabla mwaka haujaisha klabu ilikuwa na meneja mkuu mpya, na mwaka 2008 ikamchukua Pedro Alvarez, mteja wa Boras huyohuyo, kwa zaidi ya dola milioni 6. Jezi ni ileile, lakini aliyebashiri 2008 kwa mazoea ya 2007 alipotea.

Jambo kama hilo liliikuta Washington Nationals mwaka 2025. Wiki moja kabla ya drafti klabu ilimfukuza meneja mkuu wake, Mike Rizzo, ikiwa na chaguo la kwanza mkononi. Majina ya Kade Anderson na Ethan Holliday yalitajwa sana. Akaitwa Eli Willits, kijana wa miaka 17 kutoka Oklahoma, akasaini kwa dola milioni 8.2 katika nafasi yenye thamani ya zaidi ya milioni 11. Mbashiri aliyeuliza viongozi wa muda wangetaka kufanya nini na akiba ya karibu dola milioni 3 alikuwa kwenye njia sahihi.

Chuja tetesi

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Msimu wa drafti unataka uangalifu zaidi, maana yapo yanayosemwa ili yasadikike tu. Wakala hupenda klabu ya 3 iamini kwamba klabu ya 2 inamtaka mteja wake. Klabu nayo hupenda mchezaji ajue kwamba kuna mwingine aliye tayari kulipwa pungufu. Mwandishi mwadilifu hukuonyesha uzito wa kila habari: hili nimeambiwa na watu wa klabu, hili linasemwa na wapinzani, hili ni hisia yangu. Anayeandika yote kwa sauti moja anakuuzia uvumi na ushahidi katika mfuko mmoja.

Hata mwandishi bora hafiki kila chumba. Mwaka 2014 Astros walimchagua Brady Aiken wa kwanza, kisha uchunguzi wa kiwiko ukaleta mvutano na hakusajiliwa. Ripoti za madaktari hazimo kwenye orodha ya mwandishi yeyote. Ubashiri unaoacha nafasi kwa hilo ni wa kuaminika zaidi.

Toa alama baada ya siku yenyewe

Usihesabu majina yaliyopatia peke yake. Uliza kama aina ya mchezaji ilipatiwa, kama mpango wa fedha ulitabiriwa, kama majina mengine yaliyopewa uzito yalichukuliwa karibu na hapo. Usiharakishe hukumu ya kipaji pia. Mwaka 2009 Los Angeles Angels walikuwa na nafasi za 24 na 25. Walimwita Randal Grichuk kwanza, kisha Mike Trout kutoka Millville, New Jersey. Kila klabu iliyokuwa na chaguo kabla ya hapo ilimpita mchezaji ambaye angekuja kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara tatu, na Angels wenyewe walimpita mara moja.

Kipimo cha mwisho ni heshima. Wanaojadiliwa ni vijana, wengi wana miaka 17 hadi 22, na familia zao zinasoma. Mwandishi anayemwita kijana hasara kwa sababu ameshuka kutoka nafasi ya 4 hadi ya 20 haujui mchezo huu, maana nafasi hushuka kwa ajili ya fedha, kiwiko au tabia ya meneja mmoja. Julai ijayo chagua waandishi wawili au watatu, hifadhi orodha zao za mwisho pamoja na sababu walizotoa, kisha zilinganishe na yaliyotokea hadi raundi ya 10. Yule ambaye sababu zake zilisimama, hata pale majina yake yalipoanguka, msome tena mwaka unaofuata.