Gauni Linalofuata Pindo Lake

Mama anayeingia kwa fundi wa Butembo na kikwembe cha yubile ya parokia huwa na sharti moja: picha ikae kifuani, isikatwe. Fundi hutandaza kitambaa, hupima picha zilipo, ndipo anaposhika mkasi. Utaratibu huohuo ndio ulioyapa magauni ya Angelic Pretty ya Japani sura yake, na natamani mafundi wetu, wa Butembo na wa Beni, wauchunguze kwa makini.

Kampuni hiyo ilianza mwaka 1979 kwa jina la Pretty. Yenyewe na Baby, The Stars Shine Bright, iliyoanza 1988, ni majina makubwa ya mtindo wa Lolita: gauni la magotini, kiuno kilichobana, sketi iliyotuna kama kengele, lesi na utepe. Wengi hutazama lesi. Siri iko kwenye upindo.

Huko chini keki, maua au farasi wa bembea wamechapwa kwa mstari ulionyooka kuzunguka sketi nzima, kwa mchoro uliobuniwa kwa ajili ya gauni hilo. Ukikata sketi ya duara, upindo unakuwa tao na mstari wa mchoro unaharibika. Kwa hiyo sketi ni mstatili mtupu uliovutwa marinda kiunoni. Mtuno unatoka kwenye marinda hayo na kwenye sketi ya ndani ya tule, ule wavu wa shela za maharusi, iliyoshonwa kwa ngazi, kila ngazi ya chini ikiwa pana kuliko ya juu.

Vikwembe vyenye pindo kwenye kingo zote mbili vinaikubali kazi hii. Chukua yadi mbili, yaani sentimita 183 kwa upana wa karibu 118. Kata urefu wa sentimita 110, kisha upasue katikati kufuata kingo: unapata vipande viwili, kila kimoja na pindo lake. Vikiunganishwa, vinazunguka sentimita 220 hivi, mara tatu ya kiuno cha 70. Kinachobaki kinatosha kifua kisicho na mikono. Tatizo ni moja: kipande cha pili kinageuzwa, na ndege waliochorwa wakitazama juu watasimama kwa vichwa. Chagua mchoro usio na juu wala chini. Tena kikwembe cha wax ni kigumu. Kiuno kikionekana kinene, punguza marinda na uiachie tule kazi ya kutunisha.

Kinachonivutia zaidi ni mgongo. Magauni mengi ya mtindo huu yana kipande cha nyuma kilichoshonwa safu kwa safu kwa uzi wa elastiki, hivyo saizi moja huwatosha wanawake wa miili tofauti. Uzi huo huzungushwa kwenye bobini kwa mkono, bila kuuvuta sana. Juu unabaki uzi wa kawaida. Mshono uwe mrefu, upande mzuri wa kitambaa ukitazama juu, safu zikiachana sentimita 1. Ukimaliza, pitisha pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi bila kukandamiza, na safu zitajivuta zenyewe. Kwa wax, kata kipande hicho mara mbili ya upana unaoutaka.