Korongo Ndani ya Kioo: Usomaji wa Umbo la Makazi ya Chura wa Kihansi

Mtu aliyefuga samaki wa baharini katika tangi kubwa la kioo, kisha akaamua kuligeuza tangi hilo liwe makazi ya matumbawe, hufanya kazi ambayo mhakiki wa umbo huitambua mara moja, kwa kuwa pamoja na kubadilisha wahusika anabadilisha kanuni yenyewe ya utunzi. Katika tangi la samaki peke yao, maji ni jukwaa: yakiwa na chumvi ya kutosha, hewa ya kutosha na usafi wa wastani, kikande na pono watavumilia mengine yote. Matumbawe yanapoingia, jukwaa linageuka kuwa mhusika. Kalsiamu, ambayo jana hakuna aliyeipima, sasa inatakiwa isimame karibu na miligramu 420 kwa lita, maana wamo viumbe wanaoichota kila saa ili wajenge mifupa yao. Mwanga, uliowekwa ili mtazamaji amwone samaki, sasa ni chakula, kwa sababu mwani wa seli moja unaoishi ndani ya mwili wa tumbawe humlisha mwenyeji wake kwa usanisinuru. Shaba iliyotibu vimelea vya samaki inakuwa sumu, na mawe yaliyoinyonya yanaweza kuendelea kuitoa muda mrefu baada ya tiba kusahauliwa. Hata kikande, aliyekuwa shujaa wa tangi, hana budi kuondolewa kwa sababu ya meno yake.

Nimeanza na tangi la bahari kwa sababu linatupa kipimo cha kusomea kazi iliyo jirani zaidi nasi tulioko bonde la Kilombero. Asafiriye kutoka Ifakara kwenda Mlimba ana milima ya Udzungwa upande wake wa kulia, na katika ukingo wa safu hiyo mto Kihansi unashuka takriban mita 850 kabla ya kuingia bondeni. Humo korongoni, katika maeneo machache ya majani yaliyolowa ambayo kwa jumla hayazidi hekta chache, wanasayansi waliokuwa wakichunguza mazingira ya mradi wa umeme walimkuta mwaka 1996 chura mdogo wa rangi ya manjano, aliyepewa baadaye jina la Nectophrynoides asperginis. Sisi tunamwita chura wa Kihansi. Yaliyofuata, yaani mabomba ya kunyunyizia yaliyotandazwa korongoni na masanduku ya kioo yaliyotengenezwa ng'ambo ya bahari, husimuliwa kwa kawaida kama habari ya uhifadhi. Mimi nayasoma kama kazi za utunzi. Nitaiita kazi ya namna hii tungo-makazi: mahali palipotungwa na mkono wa binadamu ili kiumbe aweze kuendelea kuwa yeye.

Tuanze na matini asilia. Maporomoko ya Kihansi yalikuwa na sifa ambayo ni rahisi kuipita bila kuiona: yalifanya mambo mengi kwa tendo moja. Maji yalipoanguka yalipasuka juu ya mwamba na kuwa manyunyu. Kuanguka huko huko kukasukuma hewa na kuwa upepo. Upepo ukayabeba manyunyu hadi kwenye mteremko ambao mto haukuugusa, ukaupoza, na ngurumo ikalijaza korongo mchana na usiku. Chini ya mvua hiyo isiyokoma lilitanda zulia la mosi na la Selaginella kraussiana, mmea mdogo wa kutambaa ulio na unasaba wa mbali na kangaga. Chura aliishi ndani ya zulia. Jike kubwa halifikii sentimita 3, dume ni dogo zaidi, na wote wawili hawana sikio linaloonekana kwa nje. Jambo lenye uzito mkubwa zaidi kwa msomaji wa umbo ni uzazi: jike hatagi mayai ya kuelea majini, huzaa vichura kamili vyenye urefu wa kama milimita 5. Hakuna ndubwi, kwa hiyo hakuna dimbwi linalohitajika. Mwili huu na mahali hapa vilipatana kwa ukamilifu, maana palipo na mteremko mkali maji hayatulii, na kiumbe huyu hakuhitaji maji yaliyotulia hata kwa siku moja ya maisha yake. Alihitaji maji yaliyo hewani.

Mwaka 2000, bwawa lilipoanza kuupeleka mto kwenye mitambo ya kufua umeme wa megawati 180, maji yaliyobaki korongoni yalikuwa kama sehemu moja kati ya kumi ya yale ya awali. Sina haja ya kuirudia hapa hukumu ya kama taifa lilihitaji umeme ule; lilihitaji. Swali langu ni la kiufundi: ukiondoa sauti kuu ya utungo, je, unaweza kuandika upya sehemu yake kwa ala nyingine?

Jibu la wahandisi lilikuwa mfumo wa vinyunyizio, uliokamilika mapema mwaka 2001, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa kazi za fani zilizofikiriwa vizuri kuliko zote katika nchi yetu. Maji yanatekwa mahali pa juu, yanaingia mabombani, na kushuka kwa uzito wake yenyewe mpaka kwenye pua nyembamba zinazoyapasua kuwa manyunyu. Hakuna pampu. Uamuzi huu unaweza kuelezwa kwa lugha ya gharama na urahisi wa matengenezo, lakini una maana ya umbo pia, kwa kuwa nguvu inayotengeneza mvua bandia ni ile ile iliyotengeneza mvua asilia, yaani kuanguka. Bomba limeufunga mwanguko ndani ya kuta zake na kuuachia mwishoni kwa kipimo. Athari yake iliandikwa kwenye mimea kabla ya kuandikwa kwenye hesabu ya vyura: zulia lililokuwa limekauka na kuanza kuvamiwa na mimea ya mahali pakavu liliitikia, na Selaginella ikarudi kutambaa pale manyunyu yalipofika. Katikati ya mwaka 2003 makadirio ya idadi ya vyura yalikaribia 20,000.

Hata hivyo, usomaji wa karibu hauna budi kuuliza nini kimeachwa. Mabomba yaligawanya tendo moja la maporomoko katika vipande, yakachagua kimoja. Yalitoa unyevu, lakini hayakutoa upepo unaousambaza, wala ule ubaridi uletwao na mto mzima unapoanguka, wala ngurumo. Zaidi ya hapo, yalibadilisha usambazaji wa unyevu kutoka mteremko kuwa madoa: maporomoko hulowesha kwa mfifio, kuanzia palipo na mvua nzito hadi penye ukungu mwepesi, na kiumbe huchagua mahali pake katika mfifio huo kadiri ya saa na msimu, lakini kila pua ya bomba ina eneo lake na mwisho wake. Bomba hutoa wastani, ilhali maporomoko yalitoa masafa, na ndani ya masafa ndimo kiumbe hujisahihisha. Wafugaji wa matumbawe wanaufahamu ugumu huu vizuri sana. Mkondo wa maji unaopiga upande mmoja kwa nguvu ileile usiku na mchana huumiza polipi zilizo mbele yake na kuziacha za nyuma zikizongwa na takataka. Ndiyo maana hufunga mashine za mkondo zaidi ya moja, wakazipanga zipokezane, ziongeze na kupunguza, na hata taa huwashwa polepole asubuhi na kufifishwa jioni. Wametambua kwamba kubadilikabadilika ni sehemu ya maudhui.

Kabla mwaka 2003 haujaisha, idadi iliporomoka, na mwanzoni mwa 2004 walioonekana walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Katika kipindi hicho yalikutana mambo matatu: kuvu wa kitridi, anayeua vyura sehemu nyingi za dunia, alithibitishwa korongoni, bwawa lilifunguliwa na tope lililojikusanya likasukumwa chini, na vinyunyizio vikakwama kwa muda. Kuvu ndiye anayelaumiwa zaidi, na kwa haki. Lakini mfululizo wenyewe una funzo la kifani. Mto wa awali ulikuwa na tope lake, magonjwa yake na siku zake za upungufu, na utungo ule ulikuwa na nafasi ya kuyameza. Mfumo wa mabomba ulikuwa sahihi bila kuwa na nafasi. Tangi jipya la matumbawe lina udhaifu huo huo katika miezi yake ya mwanzo: vipimo vyote viko sawa, na kosa moja dogo linaangusha kila kitu.

Sasa kioo. Mwishoni mwa mwaka 2000, vyura 499 walichukuliwa korongoni na kupelekwa Marekani, kwenye Bronx Zoo ya New York, na baadaye wakasambazwa katika bustani kadhaa za wanyama. Miaka ya kwanza ilikuwa migumu mno. Minyoo ya mapafu, upungufu wa lishe na mwanga usiofaa viliwapunguza mpaka mwaka 2004 wakabaki chini ya 70. Ninayasoma masanduku ya wakati ule kama matangi ya samaki peke yao: mnyama alikuwapo, alilishwa, alitibiwa, lakini mahali palikuwa bado jukwaa. Ufanisi uliofuata katika Bronx Zoo na Toledo Zoo ulitokana na ule ule ugeuzi wa kanuni nilioueleza mwanzoni. Taa ziliacha kuwa za kuangazia na kuwa lishe, kwa kuwa miale ya urujuanimno ndiyo inayomwezesha mnyama kutengeneza vitamini D ya kujengea mifupa. Maji yalichujwa na kupimwa kama dawa. Chakula kiligeuka kuwa ufugaji ndani ya ufugaji: inzi wa matunda, vitoto vya nyenje, na vile vijidudu virukavyo vya udongo unyevu ambavyo kichura cha milimita 5 kinaweza kuvimeza.

Hicho kichura ndicho mhariri mkali wa sanduku zima. Urefu wake ndio unaoamua upana wa kila tundu la wavu, ulaini wa kila tone, na kasi ya maji kutoka chini ya sanduku, kwa sababu ukungu unaonyunyizwa mara kwa mara lazima uondoke bila kuacha dimbwi. Tazama jinsi umbo linavyotii: juu mvua, chini mfereji, katikati mosi na majani, na hakuna mahali popote pa maji yaliyolala. Sanduku limelitafsiri korongo kwa kubaki na mantiki ya mteremko, ingawa halina mteremko wowote. Hapa ndipo ninapoliona kuwa tungo-makazi bora kuliko mabomba ya awali ya korongoni. Mabomba yaliiga sura ya manyunyu mahali palepale. Sanduku, kwa kuwa lilikuwa mbali na kila kitu, lililazimika kuuliza kila sehemu ya mahali ilikuwa na kazi gani.

Ulinganisho wangu na matumbawe una msingi wa kijiografia pia. Maji ya Kihansi huingia Kilombero. Kilombero, pamoja na mito yote inayoulisha, huipa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake ya mwaka. Na Rufiji humwaga katika delta inayotazamana na kisiwa cha Mafia, ambako hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995 inalinda miamba ya matumbawe. Matumbawe hayo hayajengi mdomoni mwa delta, penye tope na maji baridi yasiyo na chumvi. Hustawi mbali nayo, mahali palipo na maji mangavu. Mto mmoja, basi, una viumbe wa masharti makali katika ncha zake mbili, mmoja akitaka maji yapasuke hewani, mwingine akitaka tope la mto huo lisimfikie. Anayesoma bonde hili kwa makini ataona kwamba tope lililosukumwa kutoka bwawani mwaka 2003 na tope linalokwenda Mafia ni suala moja la fani: ni nani anayeamua maji yabebe nini, na lini.

Mwezi Agosti 2010, vyura 100 walirejeshwa nchini, katika chumba maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati porini walikuwa tayari wametangazwa kutoweka tangu mwaka uliotangulia. Desemba 2012, takriban 2,000 waliachiwa korongoni. Kwa msomaji wa umbo, hatua hiyo ilikuwa ya pekee, maana matini iliyotafsiriwa ilirudishwa katika lugha yake ya kwanza, ambayo nayo wakati huo ilikuwa imeandikwa upya. Vyura waliozaliwa chini ya taa na ukungu wa saa maalumu waliwekwa chini ya mvua ya mabomba, katika korongo lenye sehemu tu ya mto wake, na kuvu angali tishio.

Ndiyo maana naona uhakiki wa Kihansi unakosea pale unapoishia kwenye ubunifu wa mfumo na kuacha matunzo yake. Tope huziba pua za mabomba, majani huanguka juu yake, na mtu hupanda korongo kuzizibua. Dar es Salaam, mtu mwingine huhesabu vichura, hubadilisha taa, na kuzalisha vijidudu vya kesho. Kazi hiyo haiutangulii utungo wala haiufuati. Katika tungo-makazi, kila anayezibua bomba anaiandika sentensi ileile tena, kwa usahihi uleule, na masanduku ya kioo hayawezi kufungwa maadamu korongo halijaweza kuwabeba vyura wake bila mkono huo.