Neno "roho" katika mahubiri yetu

Neno hili lina silabi mbili tu, lakini linabeba mizigo mingi. Kule Rubaya, katika Masisi, penye mashimo ya koltani, mtu akifunikwa na udongo watu husema amekata roho: maana yake pumzi. Jirani mwenye wivu ana roho mbaya: maana yake moyo, tabia. Kisha siku ya Mungu katekista anafanya ishara ya msalaba, na neno ni lile lile.

Asili yake ni Kiarabu, ruh, ndugu wa neno la Kiebrania ruah, yaani upepo, pumzi, roho. Watu wa pwani waliita hata koo roho. Ndiyo sababu mtu asiyeshiba huitwa mroho. Tena neno lilivuka mpaka kuingia Kinyarwanda, kinachosemwa na wengi wa Rubaya. Wakatoliki husali kwa Roho Mutagatifu, Waprotestanti kwa Umwuka Wera. Umwuka ni pumzi, ni mvuke wa chungu pia. Tuungame kwamba wenzetu hao walichagua vizuri. Yezu alipomwambia Nikodemo habari za upepo na Roho (Yoane 3, 8), Kigiriki kina neno moja tu, pneuma. Kiswahili kinayatenga, na msikilizaji hasikii fumbo lenyewe asipofunuliwa.

Lakini hatari kubwa iko kwengine. Wahubiri wamoja wanatumia "roho mbaya" kwa kumtaja pepo. Mkristu anarudi nyumbani, anamwona mama mzee mwenye maneno makali. Jana alikuwa na roho mbaya, yaani ukali tu. Leo ana pepo, kesho ataitwa mchawi. Katika nchi ambamo watu wamekimbia vita mara nyingi na majirani hawaaminiani, kosa hili si la sarufi tu. Linaweza kumfukuza mjane katika nyumba yake.

Sisi twaona hivi: pepo aitwe pepo mchafu, na tabia iitwe moyo. "Nafsi" ni neno gumu kwa watu wa vilima vyetu, lakini Mtume Paulo anataja roho, nafsi na mwili pamoja (1 Watesalonika 5, 23). Hapo katekista atalihitaji, apende asipende.

Kwenye maziko tusisahihishe mtu. Wanaolia wakisema roho yake imekwenda kwa Mungu, wamesema pumzi na roho kwa mara moja, na kitabu cha Mwanzo (2, 7) hakiwapingi.