Mchoraji Tshibumba na Mashahidi Wake

Jina la Tshibumba Kanda-Matulu latajwa mahali pengi panapoonyeshwa picha za Kongo. Alizaliwa mwaka 1947 Elisabethville, ndio mji wa Lubumbashi wa leo. Alichora kwa rangi juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, akauza picha zake kwa watu wa mjini, nao wakazitundika katika chumba cha wageni. Sura ya Patrice Lumumba aliichora mara nyingi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 habari zake zimekatika. Basi, mtu akitaka kujua kweli juu ya mchoraji huyu, amwulize nani? Twapenda kulichunguza neno hili pamoja nanyi, wasomaji wapenzi, maana uvumi hukimbia upesi kuliko kweli.

Shahidi wa kwanza ni picha zenyewe. Mchoraji alitia jina lake, na mara nyingi maneno machache ya Kifaransa ya kueleza jambo. Shahidi huyu ni mwaminifu, lakini hana maneno mengi. Tena picha ya namna moja ilichorwa mara nyingi. Ile iitwayo “Colonie belge”, yenye mfungwa anayechapwa mbele ya mzungu, iliingia nyumba nyingi, na wachoraji wengine nao waliichora. Aliyeona moja asidhani ameziona zote.

Shahidi wa pili ni sauti yake mwenyewe. Johannes Fabian alikuwa profesa katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Mwishoni mwa mwaka 1973 Tshibumba alimpelekea picha za kuuza. Wakapatana achore historia yote ya nchi, tangu wazee wa kale hata siku za Mobutu. Zikatoka picha 101. Waliongea juu yake kwa Kiswahili cha Katanga, na mashine ikayanasa maneno yao. Mwaka 1996 profesa alitoa kitabu kwa Kiingereza, “Remembering the Present”. Baadaye maneno yenyewe ya Kiswahili yalitolewa pia, na anayetaka aweza kuyasoma kwa intaneti. Picha za mfululizo ule zimehifadhiwa Amsterdam.

Kitabu hiki twakisifu kwa sababu moja kubwa: kinatenga maneno ya mchoraji na maneno ya profesa. Msomaji ajua nani anasema. Vitabu vingi juu ya watu wetu havifanyi hivyo. Lakini tukumbuke mambo mawili. Kwanza, mfululizo ule ulichorwa kwa ajili ya profesa. Mfanyakazi wa mgodi alinunua picha moja au mbili za kumkumbusha mambo yaliyopita. Hakuagiza historia nzima. Pili, mwaka 1974 Mobutu alitawala, na mwenye akili alipima maneno yake. Mtu hujibu kadiri ya swali, na kadiri ya masikio yaliyo karibu.

Tutoe mfano. Iko picha ya kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito. Wote watatu wamelala chini, na nyuma yao imesimama misalaba mitatu. Mkristo aielewa mara moja: ni Golgota. Je, huu ni ushuhuda wa mambo ya tarehe 17 Januari 1961? Tshibumba alikuwa mtoto wa miaka 13 hivi, wala hakuwako. Uchunguzi wa bunge la Ubelgiji, uliomalizika mwaka 2001, waeleza kwamba watu hao walipigwa risasi usiku, porini, karibu na Elisabethville, wakuu wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji wakiwapo. Baadaye miili yao iliharibiwa. Misalaba haikuwapo. Mwaka 2022 Ubelgiji ulimrudishia jamaa ya Lumumba jino moja tu.

Hata hivyo picha ile haidanganyi. Yashuhudia jambo jingine, yaani jinsi watu walivyokililia kifo kile, na mahali walipopata maneno ya kulilia: katika Mateso ya Bwana waliyoyasikia kila Ijumaa Kuu. Hakuna hati ya bunge iwezayo kutuambia hayo. Basi, juu ya tendo tuulize hati. Juu ya mioyo ya watu tuulize picha. Anayeitumia picha kama hati amkosea mwana-historia, na anayeidharau kwa sababu si hati amkosea mchoraji.

Shahidi wa tatu ni wale walionunua. Bogumil Jewsiewicki alikusanya picha nyingi za namna hii, na mwaka 1999 ikatoka kazi yake juu ya sura ya Lumumba, “A Congo Chronicle”. Ni kazi njema. Lakini wenye nyumba ni wengi kuliko maprofesa, na wazee wanakufa na habari zao. Muuzaji wa picha naye husimulia mengi, ila yeye atafuta bei. Tumsikilize kwa uangalifu.

Kwa hiyo twawaomba ninyi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi: kama nyumbani kwa wazazi ipo picha ya zamani, msiitupe kwa sababu rangi imefifia. Someni jina lililoandikwa. Mwulizeni mama: nani aliinunua, mwaka gani, kwa nini ile na si nyingine, baba aliwaambia nini wageni walipoitazama? Yaandikeni kama alivyosema, kwa Kiswahili chake, bila kuyatengeneza. Tieni tarehe, na jina la aliyesema. Neno asilolikumbuka, liacheni wazi, msilijaze ninyi.