Juu ya Kukusanya Vitu vya Kale vya Kilwa

Kupenda vitu vya kale ni jambo jema. Mtu avutwaye na kigae au ushanga wa zamani ameanza kuuliza habari za waliomtangulia, na kuuliza ndiko mwanzo wa elimu. Kwa hiyo hatuandiki ili kumcheka akusanyaye vitu hivi kwa kujifurahisha. Twataka kuipima kazi yake, tuone lifaalo na liharibulo.

Tuzitazame sarafu za shaba za Kilwa Kisiwani. Ni ndogo, na kwa kukaa ardhini nyingi zimegeuka rangi ya kijani. Huonekana mvua ikiosha udongo, au mawimbi yakila ukingo wa pwani. Naye azionaye huzitia mfukoni, pengine akamwuzia mgeni. Upande mmoja mna jina la sultani, kama Ali bin al-Hasan au al-Hasan bin Sulaiman. Upande wa pili mna maneno ya kumtegemea Mungu, yenye kina kimoja na jina lile. Lakini mwaka haumo, wala jina la mji. Basi mtu akiuliza, Ilipigwa chapa lini? sarafu yenyewe haimjibu. Ardhi ndiyo ijibuyo: tabaka ambamo ililala, vigae vilivyokuwa karibu nayo, na msingi wa nyumba uliojengwa juu yake. Aiokotaye bila kuandika mahali pake amechukua shaba, akaiacha habari ipotee.

Ushahidi uko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba. Huko mwaka 1984 ilipatikana hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala wa pwani. Pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu za kigeni, zenye miaka yake, na ya mwisho ni 1066. Kwa kuwa zilikutwa pamoja na kuandikwa pamoja, wataalamu walipata kujua kwamba watu wa pwani walipiga sarafu zao wenyewe tangu karne ya 11. Kama mtu angaliziuza dhahabu na kuzitawanya fedha, ujuzi huo tusingalikuwa nao.

Sasa tuangalie upande wa pili. Mwaka 1944 askari wa jeshi la anga la Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi ile. Tano zilikuwa za Kilwa. Alikaa nazo hata mwaka 1979 ndipo akawapelekea wajuzi. Jambo moja twamsifu: alitia alama katika ramani mahali alipoziokota, na alama hiyo iliwaongoza wachunguzi waliokwenda huko mwaka 2013. Hata hivyo namna zilivyofika mbali hivyo haijathibitishwa mpaka leo, maana zilikuwa zimekwisha kutoka mchangani.

Wako wasemao, Nisipookota mimi, bahari itachukua. Ni kweli bahari yaila pwani ya Kisiwani. Lakini hiyo ni sababu ya kuwapasha habari upesi wasimamizi wa magofu, si sababu ya kujaza kabati nyumbani. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 yakataza kuchimba bila kibali, na kuvitoa vitu hivi nje ya nchi bila ruhusa. Hatumlaumu sana kijana auzaye sarafu ili apate unga wa siku. Lawama kubwa ni ya mnunuzi aliyeshiba, ajuaye thamani ya kitu wala asiulize kilitoka wapi. Kwa kuwa fedha yake ndiyo imtumayo kijana kurudi kesho na jembe.

Twawashauri walimu wa Kilwa na Lindi wawachukue watoto wakayaone magofu, na kila mtoto awe na daftari na kalamu. Akione kitu, akichore, aandike siku, mahali, na vilivyo karibu nacho, kisha akiache pale pale na mwalimu atoe habari. Wazee walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo lilisemwa kwa wafanya biashara, lakini lawahusu vile vile wapendao mambo ya kale. Daftari la mtoto litawafaa watu wa Kilwa kuliko sanduku la sarafu zisizojulikana zilikotoka.