Uta hauna uzito, una mvuto: Kosa la tafsiri lililomuumiza mtu bega

TAFSIRI mbaya aghalabu humchekesha msomaji, kisha husahaulika. Ninayoijadili leo ilimwacha mtu na bega bovu kwa wiki kadhaa.

Nilikuwa Madogo, ng'ambo ya daraja la mto Tana ukitoka Garissa, nimeketi hotelini nikinywa chai. Kijana mmoja wa hapo, anayeishi Marekani na aliyekuwa nyumbani likizoni, akanitolea karatasi aliyopewa huko alipojiunga na mchezo wa kulenga shabaha kwa mishale. Ilikuwa maelezo ya kurekebisha upinde wa kisasa, yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

"Mwalimu, hebu soma hapa. Hii karatasi inasema niongeze uzito wa upinde. Sasa mimi nilidhani nifunge kitu kizito juu yake. Halafu inasema nikaze skrubu. Nikakaza ya juu. Mishale ikaanza kwenda kombo, nami nikazidi kukaza. Bega likakataa."

Mzee aliyekuwa meza ya pili, akitusikiliza tu, akaweka kikombe chini. "Mwanangu, uta haubebwi kama gunia. Uta huvutwa."

Katika sentensi hizo fupi, mzee alikuwa ameihakiki karatasi nzima. Mimi nitafafanua tu.

Kosa la kwanza ni hilo la "uzito wa upinde". Kiswahili kinapotaja uzito wa kitu, msikilizaji hufikiria mizani: kitu kimewekwa juu yake na kinasoma kilo kadhaa. Upinde wa kisasa wenyewe hauzidi sana ratili 4. Mfasiri alikusudia nguvu anayohitaji mtu kuuvuta upote hadi mwisho, ambayo kwa upinde huohuo yaweza kufika ratili 70. Wanafizikia wetu tayari wana neno kani, na wasemaji wana kitenzi kuvuta. Kwa nini basi tusiseme kani ya mvuto, au mvuto tu? "Punguza mvuto wa upinde" ni sentensi ambayo hata asiyewahi kushika mshale ataielewa.

Kosa la pili ni la umoja na wingi. Upinde huu una mikono miwili, wa juu na wa chini, na kila mkono umeshikwa na skrubu yake. Ukikaza, mvuto unaongezeka; ukilegeza, unapungua. Kila mzunguko mmoja hubadilisha ratili 2 au 3 hivi, na lazima skrubu zote mbili zizungushwe sawasawa, tena bila kupita kiwango alichoweka mtengenezaji. Karatasi iliandika "kaza skrubu ya upinde". Herufi moja, ya mahali pa za, ndiyo iliyomfanya kijana akaze upande mmoja. Wanaodhani ngeli ni mateso ya wanafunzi wa shule za msingi na waje Madogo.

Kosa la tatu lilinichekesha, nakiri. Palipostahili kusemwa kusawazisha upinde, karatasi ilisema "kurekebisha sauti ya upinde", kana kwamba ni udi wa taarabu. Mfasiri aliliona neno linalotumiwa pia na wapiga ala, akachukua maana ya kwanza kamusini. Kusawazisha hapa ni kuhakikisha kwamba mshale unatoka ukiwa umenyooka. Njia moja ya kujaribu ni kupiga mshale upite kwenye karatasi iliyotandazwa. Ukitoboa tundu safi lenye alama za manyoya, mambo ni sawa. Karatasi ikichanika kwa pembeni, kuna kitu kimekosewa. Huenda wano, yaani ule mti wa mshale, ni laini mno au mgumu mno kwa mvuto huo. Ndiyo sababu singependa tuseme "ugumu wa upinde", ingawa watu husema uta mgumu. Tuuachie mshale ugumu, upinde uchukue mvuto, maneno yasigongane.

Upinde huu ulibuniwa Missouri, Marekani, na Holless Wilbur Allen, aliyepata hataza mwaka 1969. Alitia kapi kwenye ncha za mikono, hivi kwamba mvutaji anapofika mwisho, mzigo hupungua ghafla. Upinde wa ratili 70 unaopunguza asilimia 80 humwachia ratili 14 tu za kushikilia anapolenga. Karatasi iliyaita makapi hayo "magurudumu". Lakini kapi ni neno la mabaharia wetu tangu zamani, kifaa kilekile cha kupitishia kamba. Neno lilikuwapo, mfasiri hakulitafuta.

Lawama si zake peke yake. Kamusi zetu zinatupa upinde na uta, upote, wano, kigumba na podo. Zinataja vipande vya silaha, lakini hazituambii namna vinavyofanya kazi pamoja. Uta ni neno kongwe la Kibantu; Wakamba na Wakikuyu wanalo hadi leo. Upinde limetokana na kupinda. Maneno yote mawili yanatuambia kitu hicho ni nini. Hatuna istilahi iliyokubalika ya kueleza kinavutwa kwa kani gani.

Upungufu huu unauma zaidi katika eneo hili. Ukiteremka na Tana kuelekea Garsen, kisha ukageukia nyika ya Galana na Tsavo, unaingia nchi ya Waata, ambao majirani na wageni waliwaita Waliangulu au Wasanye. Hawa waliwinda ndovu kwa mata. Pinde zao zilipopimwa, baadhi zilipita ratili 100, yaani kilo 45. Washindani wengi wa kiume wa Olimpiki huvuta ratili 45 hadi 50. Wageni walizilinganisha na pinde za vita za Waingereza, kama zile zilizoopolewa kwenye meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545.

Kisha ikaja operesheni dhidi ya ujangili Tsavo mwaka 1956 na 1957, na wengi wao wakafungwa. Mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji. Siutetei ujangili. Ninachosema ni kwamba ujuzi ule uliandikwa kwa Kiingereza, ratili kwa ratili, ilhali Kiswahili kilibaki na neno moja tu kwa watu wale: majangili. Waata walijua uta upi unamfaa nani na mshale upi unaufaa uta upi. Hakuna aliyekwenda kuwauliza wanayaitaje hayo.

Shindano la pinde za kapi litaingia Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, kwa timu za mwanamume na mwanamke. Watangazaji wetu watahitaji istilahi. Wanaweza kuziokota kwenye karatasi kama ya kijana yule, au wanaweza kuja kukaa na wazee wa Tana wangali hai.

Kijana aliniomba nimwandikie upya sentensi moja. Niliandika: "Legeza skrubu zote mbili, mzunguko mmoja mmoja, mpaka uweze kuvuta bila kujikaza." Akamsomea mzee. Mzee akasema, "Hapo sawa."